Gari la Maarusi Limepata Meno Mengine

Baba Neema,

Minye niko. Hivyo ndivyo ulivyokuwa unajibu mtu akikuuliza habari, basi nami nakujibu hivyo hivyo. Niko, watoto wako, na nyumba yetu ya Kimanga bado iko, ingawa bati la upande wa jikoni limetoboka, na mvua ikinyesha tunaweka sufuria chini. Nimechoka. Hilo nakuambia mapema, usije ukaanza kunisoma usoni kama ulivyozoea.

Mtoto uliyemwacha tumboni alizaliwa mvulana. Tulimpa jina lako. Kwa hiyo kutwa naita: Byamungu njoo, Byamungu acha hiyo, Byamungu toa mchanga mdomoni. Majirani wamezoea. Minye bado. Kuna siku naita, halafu najikuta nimenyamaza, nasubiri sauti ya mtu mzima.

Nakuandikia kwa sababu ya gari. Limepata pareshoki mpya, bampa ya mbele na ya nyuma, na si za kromu tena. Nilitaka usikie kutoka kwangu, maana ile ya nyuma ndiyo iliyokuwa na mbonyeo wetu.

Unakumbuka tulivyozificha. Askari walikuwa wanachukua kila gari lililosimama vizuri, ukasema gari zuri ni kama binti mzuri, wakati wa vita hupakwa majivu. Ukatoa magurudumu, ukayapeleka Makobola kwa mjomba wako. Kisha ukafungua mabuloni, zile bolti, na kutoa pareshoki zote mbili, kwa sababu jua likizipiga zilikuwa zinaita watu tangu barabarani. Ukazibeba hadi kwenye kibanda cha mama yangu pale ufukweni, ukazilaza chini ya magunia ya chumvi anayowatia mikebuka, wale samaki wake. Mama alikuuliza kama huoni kwamba pale ni mahali pa samaki. Ukacheka, ukamwambia, "Mama, askari anapekua kila mahali, ila hapekui panaponuka."

Na ilikuwa kweli. Waliingia uani wakakuta gari lisilo na miguu wala meno. Mmoja alilipiga teke, akasema hii ni maiti, wakaenda zao. Uliliokoa gari la baba yako. Lakini chumvi, Baba Neema. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria chumvi. Sisi ni watu wa ziwa lisilo na chumvi, kutu tunayoijua ni ya mvua.

Mambo yalipotulia kidogo ulikwenda Makobola kurudisha magurudumu. Ulimbeba Neema mabegani hadi kwenye kona ya duka la sabuni, ukamshusha, ukamwambia akimbie kwa mama. Barabara ikafungwa nyuma yako. Magurudumu yalirudi baadaye ndani ya mtumbwi wa mjomba. Weye hukurudi; vita vilikukuta huko. Walikuzika huko huko, haraka, watu wakiwa wanakimbia, na minye nilikuwa huku na tumbo kubwa, upande mwingine wa bariere, kizuizi cha askari. Sikukuona. Sikukutupia hata konzi moja ya udongo. Watu wananiambia nishukuru, wengine hawana hata kaburi. Nashukuru. Nashukuru, lakini mikono yangu haijui kama umekufa. Bado inakutengea chakula.

Sasa sikia ya mwaka huu. Dada yako Sifa ameposwa na kijana wa Mutarule, mkulima wa mihogo, mtu mpole mwenye masikio makubwa. Sifa alikuja na jambo moja tu mdomoni: kaka aliniahidi tangu nikiwa mtoto kwamba nitaenda kanisani ndani ya gari la baba. Nani angeweza kumwambia hapana? Gari lile jeupe, la tangu wakati wa Zaire, limebeba nusu ya maarusi wa Uvira. Mabinti wa hapa walikuwa hawaingii ndani kabla ya kuzunguka nyuma, kuinama na kujitazama kwenye pareshoki, wakati baba yako, na baadaye weye, mnasimama pembeni na kitambaa mkononi mkingoja. Asiyejitazama, walisema, ataingia kwenye ndoa bila kujua ni nani aliyeingia.

Familia ilikaa. Kaka yako Bahati akasema gari limekuwa nyumba ya kuku, na tena kuna mtu wa Bukavu anayenunua vyuma vikuukuu, ameshalizunguka, amelipenda kwa uzito wake. Hakusema kwa ubaya. Alisema akitazama miguu yake. "Mama Neema, gari bila meno halibebi maarusi. Kama haliwezi kumpeleka Sifa, liende na yule mtu."

Nikasema, "Litampeleka."

Nilisema kabla sijajua litampelekaje. Unanijua. Lakini nilijua kwamba likitoka pale uani limelala juu ya lori, watoto wako hawatakuwa na kitu cha kugusa ambacho weye ulikigusa kila siku.

Mashine ya gari haikunisumbua sana, kwa sababu uliilaza vizuri, umeziba matundu yote kwa vitambaa vyenye mafuta. Ilikohoa, ikatoa moshi, ikaamka. Tatizo lilikuwa meno. Nilikwenda na Neema kwenye kibanda cha mama, tukaondoa magunia. Kromu ilikuwa imebanduka kama ganda la mhogo uliochemshwa. Ile ya mbele ilikatika mikononi mwangu. Ile ya nyuma, upande wa kushoto ulikuwa chungio tupu. Upande wa kulia peke yake ndio uliokuwa umelalia ubao, chumvi haikuufikia sana, na bado uling'aa kidogo kuzunguka mbonyeo.

Neema akachuchumaa. Akacheka. "Mama, niko kichwa chini."

Nilikaa juu ya gunia. Mtoto huyu amesahau sauti yako. Juzi aliniuliza kama ulikuwa na ndevu. Lakini hilo alilikumbuka, jinsi ulivyokuwa unamshika kiuno mbele ya mbonyeo ule ajione miguu juu, na kumwambia huyo ni dada yake anayeishi chini ya ziwa.

Na minye nikakumbuka siku mbonyeo huo ulipopatikana. Arusi yetu. Ulikataa dereva, ukasema utamwendesha bibi arusi wako mwenyewe. Ukarudi nyuma kutoka uani pa kanisa huku unanitazama mimi, si nyuma, mpaka tukaigonga nguzo ya kengele na kengele ikalia peke yake. Watu walipiga vigelegele wakidhani ni padri. Baba yako alitaka mbonyeo unyooshwe siku ile ile. Ukakataa. "Hiyo ni sahihi ya arusi yetu," ukasema, "acheni."

Nilizibeba pareshoki kwa mzee Kashindi, yule fundi wa chuma wa karibu na soko. Akazigonga kwa kucha, akatikisa kichwa. Kutia kromu upya, hapa hakuna anayeweza, na kwa wale wa Bujumbura hatufiki, mpaka wa nchi umefungwa. Hata ungefunguliwa, kromu ni koti, akasema, huwezi kumvika koti mtu ambaye hana mwili. Akanipeleka nyuma ya karakana. Alikuwa na mabamba ya inoksi, chuma kisichoshika kutu, yale yaliyobanduliwa kutoka chumba cha baridi cha samaki kilichovunjwa wakati wa vita. Akatoa sumaku ya redio iliyokufa, akaiweka juu ya chuma chako cha zamani, ikang'ang'ania. Akaiweka juu ya inoksi, ikateleza ikaanguka mchangani. "Hii haina koti," akasema. "Ni hivyo hivyo mpaka ndani. Hata ukiisugua mpaka wajukuu, haina cha kubanduka."

Nikakubali. Ndipo akaniambia lililobaki. Kupata umbo sawasawa lazima bamba jipya likunjwe juu ya ile ya zamani. Upande wa kushoto umeliwa, haufai. Atatumia ule wa kulia, kisha atageuza kipimo kwa upande wa kushoto na kwa ile ya mbele. Lakini kwanza ni lazima aunyooshe mbonyeo, la sivyo bamba jipya nalo litazaliwa na kilema.

Nilimwambia anipe nafasi nifikiri. Nikaenda ufukweni kuanua ndagala, dagaa za mama, nikizigeuza zile zilizokauka upande mmoja. Nilikuwa na hasira nawe. Nisamehe, lakini nilikuwa nayo. Kwa nini uliacha kitu kidogo hivi, tena mahali ambapo nyundo lazima ipite? Ungeacha barua. Ungeacha hata kiatu.

Niliporudi nilimwambia Kashindi apige, ila pareshoki nitaishika mimi. Akasema, mama, una mtoto mgongoni. Nikasema mtoto ana usingizi mzito kama wa baba yake. Nikaishika kwa mikono miwili na goti juu. Alipiga kutoka upande wa ndani, polepole, na kila pigo lilipanda mpaka kwenye meno yangu. Byamungu hakuamka. Neema alisimama mbele yangu, uso karibu na chuma, akijitazama. Nilimwona anavyojitafuta. Akauliza, "Mama, yule dada amekwenda wapi?"

Nikamwambia, "Amesimama. Sasa amesimama kama weye."

Akafikiri. Akakubali haraka kuliko mama yake.

Umeme ulikuwa unakuja na kukatika, kwa hiyo Kashindi aliunga kila ulipowaka, na sisi tukasugua. Kwanza karatasi ya msasa, kisha ile laini zaidi na maji, mwishoni majivu yaliyochungwa na mawese, kama ulivyonifundisha. Minye, Sifa, Neema. Hata Bahati alikuja siku moja kuangalia tu, akavua saa yake, akachukua kitambaa. Alisugua kona moja mpaka jioni. Alipoondoka alisema inoksi haing'ai kama kromu. Ni kweli. Kromu ilikuwa na ubluu, ilikuwa inapiga kelele. Hii inang'aa taratibu, kama ziwa asubuhi kabla ya upepo. Uso ukiingia mle unatoka umelainika kidogo. Nadhani ungeipinga kwa juma moja, halafu ungemwonyesha kila mtu.

Siku ya arusi niliendesha mwenyewe. Ulinifundisha, nani mwingine angeendesha? Njiani vijana wa pikipiki walinicheka, wakapiga kelele kwamba gari hili dereva wake ananyonyesha. Nikawajibu kwamba hata wao walinyonyeshwa na bado hawajui kuendesha. Sifa alikuwa ameinama nyuma ya gari kabla ya kuingia, akajitazama, akapangusa jicho, nami nilisimama pembeni na kitambaa chako. Kwenye bariere askari alitusimamisha. Akazunguka mbele. Akainama, akanyoosha kofia yake kwenye pareshoki, akatuambia tupite.

Baada ya misa nililazimika kurudi nyuma kutoka uani pale pale. Umati umejaa, vigelegele, Sifa na bwana wake ndani. Nikatazama nyuma. Nguzo ya kengele bado iko, Baba Neema. Hawajaibadilisha, hata alama yetu iko. Nilikuwa naisogelea polepole, na mguu wangu ukasita. Ingekuwa rahisi. Pigo dogo tu, upande wa kulia. Watu wangesema ni mwanamke, wangecheka, yangeisha. Na Neema angempata dada yake tena.

Nilikanyaga breki. Nikageuza usukani. Hatukuigonga. Kengele ilikaa kimya, na yule mtu wa Bukavu alirudi kwao na lori tupu.

Pareshoki ya zamani niliiacha kwa Kashindi. Sikutaka kukaa nyumbani na kitu kilichonyooshwa.

Basi nakuaga, mtoto ameamka. Nakuahidi hili, na unajua sisemi mambo mara mbili. Barabara ya Makobola siku hizi inafunguka na kufungika. Kiangazi, ikitulia, nitakuja. Nitaendesha mwenyewe, na watoto nyuma. Mjomba atanionyesha mahali. Nitageuza gari karibu na ulipolala, nyuma yake ikuelekee, na nitasugua inoksi mpaka itulie. Kisha tutachuchumaa pale, minye, Neema na huyu mwenye jina lako, tulipe kaburi mgongo kidogo tu, ili tujione sisi na udongo wako nyuma yetu, wote ndani ya chuma kimoja. Hapo ndipo nitakutupia konzi yangu.

Lala, Baba Neema. Mabuloni nimeyakaza mwenyewe.

Mama Neema