Kiti cha Baba Barabarani

Chicago, 18 Januari 1979

Mdogo wangu Vytas,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na mkeo Corinne hamjambo, na jua la Phoenix linawachoma vizuri. Sisi tu hai, ingawa theluji imefika madirishani. Salamu zinaishia hapo, kwa sababu nimekasirika.

Makala yako ya gazetini, ile ya mambo kumi kwa mgeni wa Chicago, imetufikia. Unajua imefikaje? Mkononi mwa msomaji wako! Jana alfajiri nilichimba theluji mbele ya nyumba saa mbili nzima, nikapata nafasi ya gari moja, nikaweka kiti cha jikoni katikati kuishikilia, kama mtaa mzima unavyofanya. Nafasi ile ni ya gari la parokia linalompeleka baba hospitali kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Nikaingia ndani kumvalisha viatu. Natoka nje, kiti kimetupwa juu ya theluji, na gari lenye namba za Arizona limetulia pale pale, mwenyewe anashuka.

"Wewe! Kiti hukukiona?"

"Mama, barabara ni ya umma."

"Ya umma? Huo umma ulikuwa wapi alfajiri? Mbona sikuuona na koleo?"

Akanionyesha gazeti. Jambo la sita: viti vya barabarani havina nguvu ya kisheria, visogeze uegeshe. Na chini jina letu la ukoo! Jirani yetu Mzee Quan akalisoma, akauliza, "Huyu si yule aliyekuwa akinivunjia vioo kwa mpira?"

Gari la parokia likakosa pa kusimama, likaondoka. Baba hakwenda hospitali. Umenisikia? Hakwenda.

Na hayo mengine! Eti mgeni ale pizza nene. Lini baba alikulisha pizza nene? Sisi tunakula nyembamba, imekatwa miraba, siku ya Ijumaa, kwenye baa ya kona. Eti upande wa kusini hakuna cha kutazama. Sisi tunaishi kusini, Vytas, na wewe umezaliwa huku. Mwambie mhariri wako alifute lile la sita, na upesi.

Dada yako,
Aldona


Phoenix, 26 Januari 1979

Dada Aldona,

Shikamoo, na baba umfikishie shikamoo yangu. Sisi wazima, Corinne anawasalimu.

Poleni na theluji. Lakini dada, kila barua yako ni mashtaka, na mimi nimechoka kuwa mshtakiwa. Nimeandika sheria ilivyo. Kiti kibovu hakimpi mtu hati ya barabara, na ningekuwa mimi yule mgeni ningekisogeza pia. Wageni wanataka pizza nene, nami nawaandikia wageni. Au niwaelekeze kwenye baa isiyo hata na jina mlangoni?

Silifuti. Mara ngapi nimewaambia mleteni baba huku? Chumba kipo, hospitali ipo, theluji haipo. Mnang'ang'ania mtaa, halafu mtaa ukiwashinda, mkosaji ni Vytas.

Mdogo wako,
Vytas


Chicago, 12 Februari 1979

Mdogo wangu,

Hujambo? Msalimie Corinne. Habari za baba nitazifikia, nivumilie.

Barua yako nilimsomea kwa sauti, nikitaka akasirike pamoja nami. Alicheka mpaka akakohoa. "Kijana ana haki," akasema. "Kiti hakina sheria. Ni adabu tu."

Sasa nikuambie ukweli, na kuuandika kunanichoma. Siku ile dereva hakutuacha. Alisimamisha gari kwenye uchochoro wa nyuma, akaja yeye na Mzee Quan wambebe baba. Baba akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Niacheni. Leo nimepata sababu." Ijumaa yake alikwenda, kwa kunihurumia mimi, akaendelea wiki tatu. Ijumaa iliyopita nafasi ilikuwepo, gari limesimama, nimeshamvalisha viatu. Akavivua. Akasema basi, hatakwenda tena.

Nimemfokea daktari. Nimemfokea padre, aliyenijibu kwamba baba ana akili timamu na uamuzi ni wake. Dereva wa watu nilimfokea naye, na kosa hana. Baba siwezi kumfokea, ndiyo maana lawama nilikutwisha wewe na lile jambo lako la sita. Nilikudanganya, nisamehe.

Lakini hasira nawe bado ninayo, usidhani umepona. Umewaandikia wageni mambo kumi ya mji huu, na baba, aliyeendesha basi la barabara ya Halsted miaka thelathini na moja, akakupakia kiti cha mbele kila Jumamosi akikutajia kila kona, humo hayumo hata kwa nusu mstari! Makala ameikata, ameiweka chini ya mto. Kila asubuhi ananiuliza kama umeandika nyingine.

Amenikataza nisikupigie simu, eti una kazi zako usisumbuliwe. Kuandika hakunikataza.

Daktari leo amesema baba amebakiza siku kumi. Barua huchukua siku nne kufika Phoenix. Ukimaliza kusoma hapa, zimebaki sita.

Dada yako,
Aldona