Nishani Yenye Zamu

Jumatatu, 3 Machi
Nimekata mbuzi wawili kabla ya saa nne. Bucha yangu ndiyo safi kuliko zote mtaani Rhonda. Hata Kampala sijaona kama hii, na Kampala naijua. Ukutani, juu ya mizani, nishani ya Guka, babu yangu, ya vita vya pili vya dunia kule Bama. Mteja akaniuliza, "Boss, leo babu yako ameua Wajapani wangapi?" Nikasema arobaini na wawili. Wiki jana walikuwa thelathini. Wanacheka, wananunua.

Jumanne, 4 Machi
Mathe mmoja wa Rongai, Mama Chebet, alikuja kununua matumbo. Akaiona nishani. Bei ikamkwama mdomoni. Akaniomba niishushe, akaigeuza. Nyuma kuna mikwaruzo. Mara ngapi nimetaka kuisugua na waya wa sufuria! Kumbe ni majina. Tisa.

"Hii si ya babu yako peke yake, kijana."

Kijana! Nina hamsini na tatu.

Jumanne, jioni
Mama Chebet anasema Guka na wenzake hawakuua mtu. Walikuwa wabeba machela. Walivusha majeruhi mtoni siku nzima, wakienda na kurudi, risasi zikinyesha. Kikosi kizima kikapewa nishani moja. Wakakubaliana kila mtu akae nayo mwaka, kisha aipeleke kwa mwenzake. Mkikuyu kwa Mkalenjin, Mkalenjin kwa Mjaluo. Wakaiita zamu.

Nilikaa chini kwenye gogo la kukatia nyama. Guka uzeeni alikuwa anasema kila siku, "Niko zamu, niko zamu." Tulimcheka. Tulidhani kichwani bado analinda geti la kambi. Mimi nilikuwa nampigia saluti na mwiko.

Halafu fujo za uchaguzi zikatufukuza shambani, tukaja mjini, akafa. Aliyemfuata kwa zamu ni baba yake Mama Chebet. Yuko hai. Amepita miaka mia. Tangu Krismasi anakula kidogo sana. Bado anauliza kama imefika.

Jumatano, 5 Machi
Sitaki kuitoa. Naandika ukweli, hapa hakuna mteja. Bila hiyo nishani mimi ni muuza nyama tu mwenye mdomo. Nikamwambia mke wangu Wanjiru tungoje kidogo.

"Ungoje nini, Baba Njeri? Azikwe?"

Nikapanda kiti, nikaishusha ukutani. Mimi!

Ijumaa, 7 Machi
Rongai. Mzee haoni tena. Mkono kama kuni kavu. Nikamwekea nishani kiganjani. Akaipapasa nyuma kwa kidole gumba, jina kwa jina, taratibu. Akaniambia nisome. Shule niliachia darasa la tano, nikasoma kama mtoto. Kila jina akaitikia, "Yuko." Wote marehemu isipokuwa yeye. Nilipofika kwa Guka nikasoma kwa sauti ya chini. Akangoja. Nikarudia.

"Yuko!" Kwa nguvu, hadi kuku wakakimbia mlangoni.

Nimetembea nchi nne. Sijaona kitu kikubwa hivyo ndani ya nyumba ndogo hivyo.

Jumapili, 9 Machi
Mama Chebet amepiga simu. Mzee amemaliza kikombe kizima cha uji. Ameomba ashonewe mfuko ndani ya koti, upande wa kushoto. Mama Chebet akasema nisikate simu, yuko katikati ya kushona. Sikukata. Nikasikia mkasi ukikata uzi.