Bidon ya Maman Virginie

Lucie, Destin wetu amekwisha.

Leo alikuwa jury, mwenye kuamua nani anashinda mu concours ya mafumbo pa parokia. Kila mutu anaweka pa mustari fumbo yenye alitengeneza. Destin anafika kwa bidon ya njano ya kuchotea maji, tupu.

Tupu, Lucie. Anaizunguka, anashika ndevu. «Hii ni art conceptuel, sanaa ya mawazo. Inauliza: mutu mwenye hayuko, yuko wapi?» Batu wanapiga makofi. Destin anaipatia prix, zawadi ya kwanza.

Maman Virginie, chef wa Destin ku kazi, anaingia anahema. «Asante kunilindia nafasi.»

Nafasi. Aliacha bidon pa mustari ishike nafasi yake, kama vile tunafanyaka pa robinet tukingojea maji.

Anatoa mu mufuko fumbo yake ya kweli, kasanduku ka mbao. «Destin, weye mwenye unaelewa vyote, fungua hii.»

Nakuandikia, angali anakazungusha. Maman amekaa juu ya bidon, anamungojea.