Kadi ya Saa Kumi na Mbili

Kwa Mwalimu Lenah Mulongo Kweyu, wa mtaa wa Tena, Nairobi

Ni mwaka sasa, Lenah, tangu ile Jumatano ulitoka hapa nyumbani ukiwa umechelewa, ukarudi mara mbili mlangoni kuuliza nani ameona miwani yako, na miwani iko kichwani. Vivian, binti yako mkubwa, ndiye alikuonyesha. Ulicheka ukaenda. Saa nane mchana shule ikapiga simu, ati umeanguka darasani, ni presha. Kabla mume wako Javan afike hospitali, wewe ulikuwa umeshatuacha.

Huku Umoja na Tena bado unaitwa Mwalimu, bila jina, kama vile hakuna mwalimu mwingine. Lile darasa lako la watoto kumi na mmoja lilikuwa la watoto waliorudishwa na shule zingine. Huyu hatulii, huyu haongei, huyu anapiga wenzake, huyu mpeleke kwa maombi. Mzazi akija amebeba hayo yote, ulikuwa unamuuliza, "Anapenda nini?" Anaanza, "Mwalimu, huyu anaharibu..." Unamkata pole pole: "Sijauliza anaharibu nini, mama. Nimeuliza anapenda nini." Wengine walilia hapo hapo. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuwauliza.

Nzilani ni mmoja wao. Alikuwa anafanya kibarua viwandani, Industrial Area, na kijana wake Kim anamfungia ndani kule mtaani Mukuru kwa Reuben mpaka jioni, kwa sababu akimwacha nje anatembea mpaka anapotea. Ulipojua, hukumgombeza. Ulimwambia, "Jumamosi mlete kwangu, na ukuje na wewe." Wiki ya kwanza Kim akakuuma mkono mpaka ukashonwa. Ulisema alikuwa anataka kukuambia kitu. Jackton, kaka yako, akasema, "Na amekuandikia kwa wino mwekundu." Ulicheka na mkono umefungwa bendeji.

Ulikuwa unashona vile vifuko vya maharagwe, vya kuwekea mtoto mapajani ili mwili utulie. Tumeviweka vyote, Lenah. Lakini hakuna aliyetuambia maharagwe yanahitaji kuanikwa. Mwezi wa nne wadudu wakatoboa wakatoka, wakatembea mpaka kwa unga. Tuliwaua tukiomba msamaha.

Na kadi zako. Nyumba hii uliijaza kadi. Picha ulipiga kwa simu, ukachapisha kwa saiba, kwa zile kompyuta za kulipia, ukazitia plastiki, na nyuma ukashona ule utepe wa kunata wa viatu vya watoto, ule unalia kwaru ukiuvuta. Ukutani sebuleni zilipangwa kutoka juu kwenda chini: kuamka, choo, uji, viatu, shule. Tiffany, kitinda mimba wako, ambaye haongei kwa mdomo, alisoma siku yake hapo. Kitu kikishafanyika anavuta kadi mwenyewe, kwaru, anaitia kwa mkebe wa siagi ulioandikwa IMEISHA. Ya saa kumi na mbili jioni ilikuwa picha yako, sweta ya manjano, umesimama getini. Akiiona anatoka kukungoja, na ukifika anaurukia kwanza mkoba, halafu wewe.

Hata watu wazima hukuwaacha. Jackton alikuta yake ukutani siku moja: Kula. Kuosha sahani. Kuenda kwako. "Lenah, mimi ni kaka yako!" "Ndiyo maana umepewa kula iwe ya kwanza."

Ulikuwa na sheria moja tu, na uliirudia mpaka Nzilani akaijua kuliko namba yake ya simu: usibandike kitu ambacho hakitatokea. Kama mvua imezuia kucheza nje, toa hiyo kadi mbele ya mtoto, aione ikienda kwa mkebe, hata akilia. Alie na ukweli.

Sasa Lenah, kuna jambo tunataka kukuambia, na tunajua utatuangalia juu ya miwani.

Ile Jumatano, kabla utoke, ulikuwa umeshabandika siku yote kama kawaida yako. Javan na Jackton walirudi kutoka hospitali saa kumi na moja na nusu. Tiffany alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Imebaki kadi moja. Javan aliinua mkono aitoe. Mkono ukafika karibu na uso wako pale ukutani, ukasimama.

"Shemeji," Jackton akamwambia, "toa."

"Acha leo tu," Javan akasema. "Leo tu apumzike."

Saa kumi na mbili Tiffany akatoka getini. Alisimama mpaka giza, na Vivian akambeba ndani akipiga mateke.

Hiyo kadi ya siku hiyo ulibandika wewe mwenyewe. Hatukulaumu, nani angejua. Lakini ya kesho yake ilibandikwa na Javan. Tiffany, ambaye kila usiku hutia kadi zilizobaki kwa mkebe mwenyewe, alikutoa humo, akakuweka kwa kiganja cha baba yake, akavuta ule mkono mpaka ukutani. Wewe unajua vile anaombanga. Na Javan, mtu aliyekuwa hajalala, hajanyoa, nyumba imejaa viti vya kukodi na watu wa kamati ya mazishi, akabandika. Na kesho yake tena. Sasa ni mwaka. Kila jioni yule mtoto yuko getini, na kila jioni Javan yuko dirishani, anamwangalia mgongo.

Tumejaribu. Kule Bungoma kwa mazishi spika zilimshinda Tiffany, akakaa ndani ya gari na Nzilani, masikio ameyafunika. Aliona sanduku au hakuona, hatujui. Mama yako Annah alimpeleka kaburini mwezi wa nane, mtoto akachuma nyasi, akazinusa, akarudi kwa gari. Pasta akashauri tumwambie uko mbinguni. Vivian akatengeneza kadi nzuri kabisa ya mbinguni, mawingu meupe na jua. Tiffany akaitazama vizuri, akaenda kuleta gambuti zake za mvua. Tulicheka, Lenah, halafu Javan akaenda chooni akakaa huko muda mrefu.

Jumamosi iliyopita Nzilani alikuja na Kim kama kawaida. Kim anakusalimia, siku hizi anafunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote, mpaka cha shingo, na hataki kifunguliwe. Nzilani alikaa akanywa chai, akaangalia ukuta, halafu akaweka kikombe chini.

"Baba Vivian, nikuambie kitu na usinikasirikie."

"Sema tu, mama Kim."

"Mwalimu angekuwa hapa, angekutandika na huo mkebe."

Javan akaangalia mkebe, Nzilani akaendelea.

"Alitufunza nini? Usibandike kitu hakitatokea. Wewe unambandikia huyu mtoto kila siku. Anangoja kwa sababu umemwambia angoje."

"Najua."

"Kama unajua, toa."

"Nikiitoa," Javan akasema, "ni mimi ndio nitakuwa nimemtia kwa mkebe. Kwa mkono wangu. Imeisha."

Nzilani akachukua kikombe chake tena. Baadaye akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Basi usiache pakae wazi. Mwalimu hakuwa anaacha pakae wazi. Bandika kitu ambacho kitatokea."

Walikaa hapo sebuleni wakifikiria ni kitu gani hutokea hapa kwetu saa kumi na mbili bila kukosa. Stima huwezi ahidi. Maji ndio usiseme. Jackton akapendekeza yeye mwenyewe kuja kula, na hiyo kweli haikosi, lakini Nzilani akamwambia hapa hatuchezi.

Jioni hiyo Javan hakukaa dirishani. Alitoka akasimama getini na mtoto wake. Tiffany hakumwangalia, ila baada ya muda alichukua mkono wa baba yake akauweka kwa kile chuma cha geti, mahali yeye hushika. Jackton alikuwa ng'ambo ya barabara ananunua mkate. Akawapiga picha na simu.

Kufika Jumatatu picha hiyo ilikuwa imeshachapishwa, imetiwa plastiki, Vivian ameishonea utepe. Baba na Tiffany getini. Javan akafanya vile ulifunza, pole pole, mtoto akiona. Akakuvuta ukutani, kwaru. Akakutia kwa mkebe. Akabandika ile mpya mahali pako. Akaibandika ikiwa imepinda.

Tiffany aliitazama muda mrefu. Akainusa. Tukangoja mayowe, Vivian alikuwa ameshafunga madirisha kwa ajili ya majirani. Hakulia. Alienda kwa mkebe, akamwaga kadi zote chini, uji, viatu, shule, akakutafuta mpaka akakupata, akakubandika tena, kando ya ile mpya. Utepe wa ukutani ni wa kadi moja, kwa hivyo wewe umeshikilia kwa pembe tu. Mlango ukifungwa kwa nguvu, wewe unaanguka, na yeye anakuokota.

Javan akampigia Nzilani simu akamwambia vile imekuwa.

"Basi moja ni ya kweli," Nzilani akasema.

"Na hiyo ingine?"

Nzilani, unamjua, mwanamke ambaye hajawahi kukosa jibu, alimwambia arudie vile mtoto alifanya. Halafu akasema, "Hiyo tungemuuliza Mwalimu."

Na hapo ndipo tumefika. Mambo ya namna hii tulikuwa tunakuuliza wewe. Unaweka miwani kichwani, unaangalia mtoto, huangalii sisi, halafu unasema, "Nimeona." Sisi tunaangalia mpaka macho yanauma na hatuoni. Hatujui kama anakungoja, au anakuweka tu mahali pako. Hatujui kama tunamdanganya. Tumeacha kadi zote mbili.

Tutakuombea leo saa tisa, hapa nyumbani Tena, na chai itakuwa. Wanaokukumbuka ni mume wako Javan Kweyu; watoto wako Vivian na Tiffany; mama yako Annah; kaka yako Jackton, aliyeahidi kuosha sahani; Nzilani na Kim; na wazazi wote wa lile darasa la watoto kumi na mmoja.

Saa kumi na mbili tutasimama getini, sisi wote, kwa sababu hiyo ndiyo iko ukutani. Hatutakusahau siku hata moja, Mwalimu.