Maharage Mabichi ya Baba Mdogo

Mume wangu mpenzi, furaha ya macho yangu,

Leo ni siku ya nne tangu basi likuchukue kwenda Mbeya, na kila nikipita mlangoni nalinusa koti ulilolisahau. Jirani ameniona. Nimemwambia naangalia kama limekauka.

Unaikumbuka ile Jumatano? Ulikuwa umekonda kwa ajili ya kompyuta yenu kubwa pale ofisini Majengo, ile inayobeba ndani yake kompyuta za wageni, ya duka la dawa na ya wauza tiketi, zote zikipokezana prosesa moja, ubongo wa ile kubwa. Prosesa hiyo ina vihesabio vya kazi inayofanya, nawe uliandika programu ya kuvisoma ujue ile kubwa, mwenyeji wao, inachoshwa na nini. Vikakuambia inafanya kazi kama punda, hata ikiwa imekaa bure! Bosi wako akasema, "Ijumaa bila jibu, programu yako naifuta." Kazi yako ya miezi saba! Nilitaka kwenda kugombana naye mwenyewe, na kanga yangu ya harusi.

Mchana huo akaja baba yako mdogo kutoka joto la Mtowisa, amevaa makoti mawili kwa baridi yetu. Mimi mkwe mpya nina jiko moja la mkaa, na maharage yako juu yake. Nikayaepua nimchemshie chai, kisha nikasonga ugali, maharage nikayarudisha mwishoni. Saa ya ukutani ilisema yametimiza saa mbili na nusu. Nikawapakulia wewe na yeye huku nikijisifu.

Baba mdogo akatafuna. Kikasikika kitu kama kokoto.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "haya umeyapika au umeyaogesha?"

"Yamekaa saa mbili na nusu, baba!"

"Sikatai. Yamekaa wapi?"

Nilitamani kujificha ndani ya koti lake la pili. Wewe ukaruka, tonge mkononi. "Saa haikusimama! Mgeni kachukua jiko, saa bado inayahesabia maharage!" Ukanibusu mbele ya mzee, mpenzi, mbele ya mzee! Kisha ukatoka mbio kwenda Majengo na tonge lako.

"Huwa anafanya hivi?" akauliza baba mdogo.

"Leo ndiyo ameanza, baba."

Ulirudi ukiwa unang'aa. Kumbe programu inayogawa zamu ilimkabidhi mgeni prosesa bila kusimamisha vihesabio vya mwenyeji, na jasho la mgeni likaandikwa kwa mwenyeji. Sasa kabla mgeni hajaingia, hesabu ya mwenyeji inasimamishwa na kuwekwa pembeni, na mgeni anawekewa yake. Akitoka, yake inahifadhiwa, ya mwenyeji inaendelea ilipoishia. Bosi alisoma, akakutuma Mbeya ukawafundishe wenzako.

Mimi siku hizi siepui chungu kabla ya kuandika kwa mkaa ukutani kimeiva kiasi gani. Baba mdogo bado yupo, na hali chakula mpaka aukague ukuta.

Siku ile basi lilipopotea kwenye kona, nilirudi jikoni nikaandika ukutani, chini ya mstari wa maharage: "Ndoa, wiki sita." Sijaongeza hata siku moja. Siku hizi nne ni za Mbeya, hazimo kwenye hesabu yetu. Ukirudi tunaanzia pale pale mlangoni tulipoagana, mkono wangu ukiwa ndani ya wako.

Asubuhi baba mdogo ameusoma ukuta. "Na hii nayo ni mbichi?"

"Hapana, baba. Imeepuliwa kidogo tu."

Rudi, mpenzi, mkaa unawaka.

Mkeo wa wiki sita