Jaribio la Ukimya

Machi 3

Mpwa wangu,

Kosa la wengi wanaoandika majaribio ya programu ni kujitengenezea huduma bandia isiyojua kukataa. Nimelitanguliza kabla ya salamu maana ndilo ulilouliza. Sasa, hujambo? Dada yangu, mama yako, hajambo? Mimi sijambo.

Umesema mfumo wenu huwatumia wagonjwa wa figo ujumbe zamu ya mashine ya kusafisha damu inapobadilika, na ujumbe hupitia kampuni ya nje. Ni sawa kuweka kampuni ya bandia mahali pake wakati wa majaribio. Huwezi kuwasumbua wagonjwa kila unapojaribu. Lakini ya kwenu hujibu "imefika" kila ikiulizwa, majaribio yote yanapita, nanyi mnapongezana. Ifundishe kukataa. Ifundishe kujibu upuuzi. Kisha utazame mfumo unafanya nini.

Mjomba wako

Machi 21

Shikamoo Mjomba,

Huku sote wazima, ila Mama analalamika hupokei simu. "Kaka yangu amekuwa waziri," anasema. U mzima kweli?

Nimeifundisha huduma bandia kukataa, na mfumo ukaanguka kifudifudi. Mkuu wetu wa kazi, tunayemwita Kamanda, akaniuliza, "Wewe umeajiriwa kujenga au kubomoa?" Nikamwambia nabomoa mapema, kabla mgonjwa hajaangukiwa. Akaondoka akiguna. Nimesahau nini tena?

Mpwa wako

Aprili 2

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Usishangae mwandiko, miwani yangu imevunjika, natamka na jirani yangu fundi cherehani anaandika. Mwambie mama yako waziri anamsalimu.

Umesahau ukimya. Anayekataa amekupa jibu. Wa kuogopwa ni anayenyamaza. Ifanye huduma bandia ipokee ombi, isijibu chochote. Je, mfumo utangoja milele? Au utaandika "imefika" kwa kudhani? Uwekee kikomo cha kusubiri, uulize tena, na ukikosa jibu ukiri kuwa haujui, ili muuguzi ampigie mgonjwa mwenyewe. Na mara moja moja bisheni hodi kwa kampuni halisi, maana yenyewe hubadilika, ya bandia ikabaki na tabia za zamani.

Fundi anasema sentensi zangu ni ndefu kuliko uzi wake.

Mjomba wako

Juni 9

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Jaribio ulilonielekeza lilifichua kwamba mfumo ulikuwa ukiandika "imefika" kila ulipochoka kungoja. Tukaanza kuwatafuta wagonjwa. Mama mmoja, muuza mboga, alikuja siku isiyo yake, akarudishwa mlangoni. Zamu yake ilishapita bila yeye kujua. Nilipopiga simu alipokea mwanawe. Hakunitukana. Alisema tu, "Alikuwa akiitazama simu hii kila asubuhi, mpaka tulipomzika."

Nilipofika nyumbani nikazitoa barua zako zote. Kila moja inasema sijambo, hata ile ya mkono wa fundi. Mjomba, miwani iliyovunjika haimzuii mtu kupokea simu. Nakuuliza mara ya pili: hali yako ikoje?

Mpwa wako

Juni 15

Mpwa wangu,

Marahaba. Jaribio hilo la ukimya liiteni Muuza Mboga, ili atakayetaka kulifuta siku moja aulize kwanza kwa nini linaitwa hivyo. Kamanda akibisha, mweleze mwana wa yule mama alisema nini.

Mimi si mzima. Ni ini, na daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Miwani iko hapa mezani, haina hata ufa. Mkono ndio uliokataa kalamu. Simu sikupokea kwa sababu kwenye karatasi naweza kusema sijambo, sauti ingenisaliti. Ndivyo tulivyolelewa: mtu akikuuliza hali, jibu liko tayari kabla hajamaliza kuuliza. Wewe peke yako ndiye uliyeuliza tena.

Fundi ameacha kuandika mara mbili, akafuta macho. Anasingizia vumbi la vitambaa.

Nilitaka kukueleza mengi zaidi. Usinijibu kwa barua. Mchukue mama yako, mje leo.

Mjomba wako