Bei ya Kuanzia

Jumamosi, 8 Machi

Nimekunja kitanda cha Mama tena. Mara ya tatu wiki hii. Blanketi kwenye buti ya gari, beseni nyuma ya mashine ya kufulia, pazia chini. Wanunuzi wa nyumba wasijue kwamba mtu mzima analala kwenye chumba cha kulia. Kisha Mama mwenyewe, hatua kwa hatua na fremu yake ya kutembelea, mpaka garini. Dakika arobaini kwenye maegesho ya duka huku wageni wakifungua makabati yangu.

Vyumba vya kulala viko juu. Bafu pia liko juu. Chini kuna choo na sinki tu, na magoti ya Mama yamekataa ngazi tangu Krismasi. Hospitalini nina viti vya kuogea, mabomba ya kushika mkononi, kila kitu. Nyumbani namwosha mama yangu kwa beseni. Nesi mzima, hapa Marekani! Nyumba tuliyoipata Lewisville haina ngazi hata moja, na mwenye nyumba amekubali kutusubiri hadi mwisho wa Machi tuuze hii ya Pearland kwanza.

Halafu mume wangu Kamau akaweka bei yake. Neema, dalali wetu, Mtanzania mpole, alisema dola elfu mia tatu tisini na tisa. Kamau akasema mia nne ishirini na tisa. "Hiyo ni bei ya kuanzia, Njeri. Lazima tuwache nafasi ya kuongea." Yeye yuko Irving, jirani na Lewisville, na kazi yake ya uwanja wa ndege, huku anakuja wikendi mbili kwa mwezi. Kitanda hakunji yeye.

Jumapili, 9 Machi

Neema alinishika baada ya ibada. "Dada Njeri, huku watu wanatafuta kwa simu. Mtu akiweka mwisho mia nne, nyumba yako haioni kabisa. Sasa utaongea na nani?"

Nikampigia Kamau. Eti Neema anakimbilia kamisheni. Nimewakasirikia wote wawili. Ukweli ni kwamba nilikuwa upande wa Kamau kidogo. Nimekulia nyuma ya magunia ya maharagwe ya Mama, soko la Karatina. Bei ya kwanza si bei.

Jumanne, 11 Machi

Ofa. Mia nne na mbili.

Nilikuwa kazini, chakula mdomoni. Kamau hashiki simu. Elfu ishirini na saba chini, na sakafu tumebadilisha juzi! Sokoni mtu akikutajia bei ya matusi usimjibu kwa bei. Unamgeuzia mgongo. Anakwenda hatua kumi, anarudi.

"Waambie hapana," nikamwambia Neema.

"Tuwarudishie bei? Tu-counter na ngapi?"

"Hakuna ngapi. Watarudi."

Akasema, "Dada yangu, huku mtu akiondoka ameondoka."

Nikamwambia mimi nimelelewa sokoni, asinifundishe kuuza.

Alhamisi, 13 Machi

Hawajarudi.

Nilikuwa namsugua Mama mgongo nikamsimulia, nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliuliza kama hao ndio walikuwa wa kwanza kutaja bei. Nikasema ndiyo. Akanitazama kama niliyemtemea uji.

Mteja wa kwanza wa asubuhi hafukuzwi. Hata kwa faida ya shilingi moja, unampimia, kwa sababu ndiye anayefungua siku. Mama aliwahi kuuza debe zima kwa bei ya hasara kidogo, saa kumi na mbili asubuhi, na alikuwa anaimba. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika gunia. Nimekumbuka ujanja wote wa soko isipokuwa huo.

Maji yalipoa kabla sijamaliza kumwosha.

Jumatatu, 17 Machi

Wamenunua mtaa wa nyuma. Wale wale. Neema ameniambia kwa sauti ya msibani.

Nimepita pale kwa gari mara mbili. Nyumba mbaya, rangi ya matope. Neema anasema ina bafu chini. Vijana wenye magoti mazima! Wanalihitajia nini?

Jumamosi, 5 Aprili

Wiki mbili hakuna aliyekuja. Kitanda hakijakunjwa. Ningetoa chochote nikikunje.

Siku ya Jumanne mwenye nyumba ya Lewisville alimpa mtu mwingine. Simlaumu. Hapana, namlaumu, lakini hana kosa.

Kamau alikuja jana. Tumegombana jikoni. Yeye: wewe ndiye uliyemfukuza mteja. Mimi: bei ilikuwa yako. Yeye: hata saa moja hukuningoja. Mimi: kaa wewe na beseni miezi mitatu, kisha uje unifundishe kungoja. Kila mmoja alikuwa na ukweli na kila mmoja aliutumia kama rungu.

Kati ya jikoni na kitanda cha Mama kuna pazia tu.

Leo asubuhi Mama ameniomba nimkatie tiketi ya kurudi Kenya. Kwa upole kabisa. Anasema hakuja Marekani kuvunja ndoa ya mtu. Na kule nani atamwinua? Nimejifungia gereji nikalia kwa hasira. Hasira na Kamau, na Neema kwa kuwa sahihi, na mimi. Zaidi mimi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimezunguka na Neema mtaani, nyumba tatu zilizouzwa mwaka huu. Zote za ukubwa wetu, zote na sakafu nzuri. Hakuna iliyofika mia nne na kumi. Nilijua. Ningeweza kuzunguka hivi Februari.

Anasema sasa wanunuzi wakipiga simu hawaulizi bei, wanauliza nyumba imekaa sokoni siku ngapi. Kama samaki. Wakisikia, wanashuku paa linavuja.

Nimeshusha bei hadi mia tatu tisini na tano. Kamau nimemwarifu, sikumuuliza.

Jumatano, 16 Aprili

Mia tatu themanini na nane. Dereva wa basi na mkewe. Wa kwanza kutaja bei tangu tushushe.

Nikasema ndiyo kabla Neema hajamaliza sentensi. Elfu kumi na nne chini ya wale niliowageuzia mgongo.

Kamau alisema "sawa" tu. Nilitaka abishe, nipate wa kumfokea.

Jumamosi, 31 Mei

Lewisville. Nyumba ya kupanga, isiyo na ngazi. Kununua labda mwakani. Tiketi Mama hajaitaja tena. Yaliyobaki mlangoni ni maboksi.

Kamau amefunga vishikio viwili kwenye ukuta wa bafu na kununua kiti cha plastiki chenye mgongo. Hakuniambia, nilivikuta.

Asubuhi nilikunja mikono ya nguo, nikachukua sabuni. Mama akaingia na fremu yake, akakaa kwenye kiti, akajaribu maji kwa kiganja. Akaniona bado nimesimama. Akasema nifunge mlango. Nikaufunga.

Akasema hapana, niufunge nikiwa nje.

Nikatoka. Nilikaa kitandani kwake nikisikiliza maji yakikimbia, muda mrefu. Hakuniita.